Chemba siyo adhabu. Pabaya ni pale pasipo na wa kuulizwa



Wiki mbili zilizopita nilipanda basi Dodoma mjini, linaelekea Kondoa. Kiti cha nyuma yangu alikaa dada mmoja, binti mdogo tu, mwalimu wa ajira mpya. Sikumuuliza kazi yake, nilijua kwa sababu njia nzima alikuwa anaongea na simu. "Mama, wamenitupa. Nimepangiwa Chemba." Akaanza kuorodhesha: maji hakuna, nyumba ya mwalimu hakuna, mtandao mpaka upande kichuguu, na kijiji chenyewe hakijui kipo wapi. Akamalizia kwa kusema bora angepelekwa jela, angalau jela wana ratiba ya chakula. Abiria wakacheka. Mimi sikucheka, maana kwetu ni Chemba.

Nilitaka kugeuka nimjibu. Nilishaandaa na sentensi kabisa. Nikanyamaza kwa sababu mbili. Kwanza, karibu kila alichosema ni kweli. Pili, yule dada alikuwa anauliza swali zuri kuliko hasira yangu: sehemu mbaya kuliko zote ambazo binadamu ameishi ni ipi, na nani aliifanya ikawa mbaya?

Nitajibu kwa sehemu nilizoishi mwenyewe na nilizoziona huku kwetu. Halafu nitasema nani anadaiwa. Na kwa kuwa sisi ni chama cha siasa na siyo kikundi cha kulia, mwishoni nitasema tufanye nini.

Tembe

Nimezaliwa kwenye tembe, upande wa Kwamtoro. Kwa mliokulia Dar na Mwanza: tembe ni nyumba ya kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa, miti imelazwa, juu nyasi, juu ya nyasi udongo. Mchana wa Oktoba jua linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli, lakini ndani ya tembe kuna ubaridi. Juni na Julai upepo unakata masikio, ndani kuna joto. Bibi alikuwa anaanika mtama na ufuta juu ya paa. Wagogo, Wasandawe, Waburunge na jirani zao waliishi hivyo kabla hatujasikia neno wilaya.

Sisifii kila kitu. Mvua kubwa ikija inavuja. Moshi wa jiko ulikuwa humo humo, na macho ya bibi yaliharibika akiwa bado ana nguvu za kulima. Lakini tembe ilikuwa na mwenyewe. Paa likivuja tulijua nani wa kumuuliza, na yeye alijua udongo wa kuziba unachimbwa wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakaambiwa watoke mashambani kwao wakakae vijijini pamoja. Novemba 1973 ikawa amri ya nchi nzima, kuishi kwenye kijiji siyo hiari tena, na hadi 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Sababu waliyopewa babu zetu ilikuwa nzuri ukiisikia: mkikaa pamoja tutawaletea shule, zahanati na maji. Babu yangu aliacha tembe yake na mashamba yake ya mtama, akaja kupanga mstari na wenzake.

Sasa hesabu ni nyepesi. Yeye alitekeleza upande wake wa makubaliano. Miaka hamsini imepita, kijiji kipo na mstari upo. Maji kijijini kwetu, kiangazi, bado ni ya kufukua mchangani kwenye korongo. Unachimba kwa bakuli, unasubiri yajichuje, unachota, punda anabeba madumu. Shule ilikuja, sikatai. Lakini hilo la maji ni deni, na limekaa muda mrefu kuliko umri wa wengi mnaosoma hapa.

Geto

Sehemu mbaya kuliko zote niliyowahi kuishi mimi mwenyewe siyo tembe. Ilikuwa na bati na mlango wa mbao. Tuliiita geto.

Mwaka 2014 nilichaguliwa kidato cha kwanza. Sekondari ya kata ilikuwa mbali na nyumbani kiasi kwamba ukitembea kwenda na kurudi, siku imeisha. Bweni halikuwepo. Kwa hiyo wazazi wanafanya kile ambacho wazazi wengi wa vijijini Dodoma wanafanya: wanakupangishia chumba karibu na shule. Una miaka kumi na minne, una debe la unga, godoro moja, sufuria moja, na unakuwa baba mwenye nyumba.

Tulikuwa wanne kwenye chumba ambacho vitanda viwili havikuenea. Sakafu ya vumbi. Bati limetoboka, usiku tulikuwa tunaona nyota, na siyo kwa mapenzi. Choo ni cha jirani, na jirani anafunga kufuli saa mbili usiku. Mbele ya chumba mwenye nyumba alikuwa na kilabu cha pombe. Ijumaa walevi walikuwa wanagonga mlango wetu wakidhani ni choo, au wakijua si choo.

Sisi wavulana tulikula ugali na chumvi, tukasinzia darasani, tukafeli hesabu. Hayo yanaelezeka. Chumba cha pili walikuwa wanakaa wasichana watatu. Kule mlango ukigongwa, maana yake ilikuwa nyingine. Mmoja wao alikuwa anatuongoza darasa zima kwa Kiswahili na Historia. Alikuwa anamaliziwa unga na wiki bado mbichi, kama sisi tu, ila yeye walikuwepo watu wazima wa kumwambia kuna namna ya kuupata unga. Mwaka 2017 akapata ujauzito. Mwaka huo huo Rais wa nchi alisimama hadharani Juni akasema mwanafunzi akizaa harudi shuleni. Haikurudiwa mara mbili. Rafiki yetu akarudi kijijini kwao na begi la madaftari. Ruhusa ya kina mama vijana kurudi darasani ilikuja Novemba 2021. Wakati huo yeye alikuwa ana watoto wawili.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na nilikuwa mmoja wa walionufaika, nasema wazi. Lakini geto halikuwa bure. Unga haukuwa bure. Na ule mlango mbovu uliolipiwa na baba yangu kwa kuuza kuku ndio uliokuwa bweni la taifa. Kwenye takwimu tuliandikwa kama wanafunzi walioandikishwa sekondari. Hakuna safu ya takwimu inayosema walilala wapi.

Chumba cha mahindi

Mwaka 2016 nikiwa bado shule, ulikuja ugonjwa uliotisha watu kuliko njaa. Mtu anatapika, tumbo linajaa, macho yanageuka ya njano. Wazee wakasema ni uchawi, wengine wakasema ni sumu. Waliosema sumu walikuwa sahihi, ila haikutiwa na mtu. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi na karanga, na ini ndilo linalolipia. Kati ya Juni na Novemba mwaka ule, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba ikiwemo, waliugua watu 68. Walikufa 20.

Mnaweza kuuliza, hii inahusiana vipi na sehemu ya kuishi? Inahusiana moja kwa moja. Fangasi wale wanapenda mahindi yaliyopata shida ya ukame shambani, yakavunwa hayajakauka vizuri, yakarundikwa chini kwenye sakafu ya udongo palipo na unyevu. Sasa niambie, nani kwenye kijiji chetu alikuwa na ghala? Vihenge vya zamani vilivyosimama juu ya miguu, hewa inapita chini, vilikuwa vinakwisha, na wezi wamekuwa wengi. Kwa hiyo gunia linalala chumbani, pembeni ya godoro. Unalala na chakula chako kwa usalama wake, na chakula ndicho kinachokuua. Kwa familia za waliokufa, chumba cha kulala kiligeuka hivyo.

Baadaye ilikuja miradi, semina zikafanyika, mifuko maalumu ya kuhifadhia nafaka ikaonyeshwa kwenye mabango. Vizuri. Lakini ukienda dukani kwenye kata za ndani ukaulize bei ya mfuko mmoja, kisha ujiulize mama mwenye magunia sita anatoa wapi hiyo pesa kabla hajauza hata gunia moja.

Na mnakumbuka mwaka uliofuata, 2017, Chemba ilitajwa nchi nzima kwa jambo gani? Siyo kwa maghala. Mbunge wetu wa wakati ule, Juma Nkamia, alitangaza kupeleka bungeni hoja binafsi ya kubadilisha Katiba ili vipindi vya ubunge na urais vitoke miaka mitano viwe saba. Hoja ikazimwa mapema 2018 baada ya Rais Magufuli mwenyewe kuikataa. Mimi nilikuwa kijana wa kidato, sikujua siasa, lakini nilijiuliza swali la kitoto: hiyo miaka miwili ya nyongeza, sisi tungeitumia kwa nini?

Nyumba usiyojua utaihama lini

Sasa njooni Farkwa. Mto Bubu unapita huko, kiangazi unakuwa barabara ya mchanga, masika unaburuta miti. Serikali ina mpango wa siku nyingi wa kujenga bwawa kubwa pale ili maji yafike jiji la Dodoma na wilaya za jirani. Jiji linakua, Serikali nzima imehamia, watu wanahitaji maji. Sipingi bwawa. Mtu wa Chemba anayepinga maji simjui.

Ninachosema ni hiki. Bwawa likijengwa, vijiji vya Mombose na Bubutole vinapisha. Mpango huo umezungumzwa miaka na miaka, na katika miaka hiyo watu wa vijiji hivyo waliishi wakijua watahama bila kujua lini, na walilalamika hadharani kuhusu kuchelewa kwa fidia. Jaribu kuishi hivyo hata mwaka mmoja. Mtu aliyeambiwa atahama hachimbi choo kipya. Hapandi mwembe. Paa likivuja anajiuliza bati jipya la nini. Kijana anataka kuoa na kujenga, ajenge wapi? Nyumba ipo, umeizoea, umezika wazazi nyuma yake, lakini imeshakufa kwenye karatasi ya mtu mwingine na wewe bado umo ndani.

Hapo ndipo tembe ya babu yangu ilikuwa bora. Ilivuja, lakini ilikuwa na kesho.

Na msiseme sheria haipo. Katiba, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa, inaanza kudai riba. Ikipita miaka miwili, uthamini ule umekufa, unafanyika mwingine kwa bei za wakati huo. Hii ni sheria ya nchi, siyo ilani yetu. Wangapi kwenye vijiji vya Tanzania vinavyopisha miradi wamewahi kusomewa hicho kifungu kwenye mkutano?

Tazameni na picha nzima. Lami ya Dodoma kwenda Babati imepita wilayani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Tanga limepita. Maji ya Bubu yatapita. Chemba ni mahali pa kupitia. Nasi tunasimama pembeni na madumu, tunapunga mkono.

Wa kuulizwa

Watu wakitaja sehemu mbaya za kuishi duniani, wengi wanataja ule mji uliozungushiwa ukuta zamani kule Hong Kong, Kowloon. Hekta 2.6, eneo la viwanja vichache vya mpira, na mwaka 1987 walihesabiwa watu kama 33,000 humo ndani. Maghorofa yamegandana mpaka jua halifiki chini, nyaya na mabomba juu ya vichwa. Ulianza kubomolewa 1993. Lakini ulifikaje pale? Waingereza walitawala Hong Kong, China ikasema eneo lile ni lake, na kati ya hao wawili hakuna aliyetaka kubeba mzigo. Watu hawakuwa wabaya. Walikuwa na madaktari wa meno, viwanda vya tambi, shule. Kilichokosekana ni mtu wa kumgongea mlango na kumwambia, bomba limepasuka, na wewe ndiye unayewajibika.

Chemba hatujabanana, ardhi ipo mpaka macho yanachoka. Lakini hilo moja tunafanana nalo. Wilaya yetu ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012 kwa maelezo kwamba huduma zisogee karibu. Ofisi zimesogea. Je, na majibu yamesogea?

Mtu wa kwanza wa kuulizwa kijijini ni mwenyekiti wa kijiji. Novemba 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa mafuriko, sababu zikiwa za kuchekesha kama siyo za kuliza, mpaka vyama vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Novemba 2024 tukarudi, na kikatangazwa tena kushinda vijiji kwa zaidi ya asilimia 98. Watu mjini wakasema, ah, ni uchaguzi wa serikali za mitaa tu. Hapana, kamanda. Ndio uchaguzi wa nyumba yako. Mwenyekiti asiyehitaji kura yako hahitaji kuitisha mkutano. Asipoitisha mkutano hasomi mapato na matumizi. Asiposoma, huwezi kujua pesa ya kisima imekwenda wapi, wala nani alisaini ramani inayokupitishia mradi juu ya kaburi la baba yako.

Nawasikia wenzetu wa upande wa pili: "Kijana, huko ni nusu jangwa, mvua ni za msimu mmoja, serikali ifanye nini? Mbona umeme umefika, vituo vya afya vimejengwa?" Nakubali vilivyojengwa, nimevipita na basi. Na ukame naujua kuliko nyie, umeniramba. Lakini ukame haukuwaambia walevi wagonge mlango wa wasichana. Ukame haukuzuia bweni. Ukame hauchelewi kulipa fidia. Na kama nchi inaweza kutoa maji Bubu ikayafikisha jijini, basi umbali siyo tatizo. Tatizo ni nani anayehesabiwa kwanza.

Na sisi je?

Tusijidanganye, hata sisi tuna la kujibu. Viongozi wetu wangapi wamelala Kwamtoro au Mpendo nje ya msimu wa kampeni? Sisi vijana wa mtandaoni tunaifahamu Katiba ya Kenya kuliko sheria ya vijiji vyetu. Tunarusha video za mabomu ya machozi Dar, lakini binti aliyeacha shule kwa sababu ya geto hatujawahi kumwandikia hata mstari mmoja. Chemba inatupa kura chache, tukasema watu wa kule hawajaamka. Wameamka saa kumi alfajiri, wapo korongoni wanachota maji. Sisi ndio hatujafika.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hayahitaji kibali cha polisi.

Moja, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Nenda nyumbani, au mpigie mdogo wako aliye huko, ulizeni wa mwisho ulikuwa lini. Kama hakuna, andikeni barua kwa mtendaji, nakala kwa mkurugenzi, mtunze nakala yenu iliyogongwa muhuri. Barua iliyopokelewa ni ushahidi.

Mbili, hesabuni mageto. Kila mwana-jumuiya aliye karibu na sekondari ya kata ahesabu wanafunzi wangapi wamepanga vyumba, wangapi wasichana, na bweni liko wapi. Msiandike majina ya watoto. Andikeni idadi tu, mkampe diwani, hata kama ni wa chama kile. Akikataa kuipokea, tutajua na tutasema.

Tatu, wanasheria wetu vijana, acheni kidogo kesi za umaarufu. Kifungu cha fidia kitafsiriwe kwa Kiswahili cha kilabuni, kichapwe ukurasa mmoja, kibandikwe kwenye mti wa mikutano wa kila kijiji kinachosubiri kupisha mradi.

Nimalizie na yule mwalimu. Tulishuka naye kituo kimoja. Nikamsaidia begi, nikamwambia mimi ni wa huku. Akaona aibu kidogo, akasema, "Samahani kaka, nilikuwa nimechanganyikiwa." Nikamwambia hana kosa. Nikamuuliza amepata wapi pa kukaa. Akasema ameelekezwa chumba cha kupanga, karibu na shule, kwa mama mmoja mwenye kilabu cha pombe.

Sikumwambia kitu. Nilimpa namba ya simu ya mama yangu, nikamwambia ndani ya boma letu kuna chumba, hakina bati zuri, lakini mlango unafungwa na mwenye nyumba anaitika ukimwita.

Aluta, makamanda. Tukutane kwenye mkutano wa kijiji.